Wanaomtafuta Chiriku

9 Februari

Mdogo wangu Kitindamimba,

Pokea salamu zetu, wewe na wifi yangu na huyo mtoto wenu ambaye nasikia sasa anatambaa mpaka chini ya kitanda na kutoka na viatu vya watu. Sisi tu wazima, kiasi cha kushukuru. Goti langu la kulia bado linatabiri mvua. Dukani mashine ya fotokopi imeota ukaidi: inameza karatasi tatu inatema moja, na mteja ananikazia macho kana kwamba ni mimi niliyezimeza nyingine. Shemeji yako ana oda ya mageti ya shule. Akirudi kutoka karakana ananuka chuma kilichoungua na hasemi neno.

Naandika kwa kalamu kama ulivyotaka. Tangu wale wezi walipoingia kwenye akaunti yangu wakauandikia ukoo mzima kwa jina langu, sigusi jambo la maana kwenye simu. Na tuseme ukweli, kwenye simu ukinikera nakukatia. Barua haikatiki.

Sasa kaa usikie. Chiriku amepatikana.

Au tuseme, wapo wanaosema amepatikana. Unajua tangu mwanangu aondoke mwaka jana bila kuaga, kila asubuhi kabla sijawatolea watu vyeti vyao, naandika jina lake kwenye kompyuta ya duka. Miezi yote hiyo sikuona kitu. Wiki iliyopita ukatokea ukurasa, jina lake lote, la baba na la babu, limeandikwa kwa herufi nene: "Aonekana akiwa hai, familia yatokwa na machozi. Soma zaidi." Mdogo wangu, nilishika meza. Nikabonyeza. Ikatokea picha ya korido ya hospitali. Nikabonyeza "soma zaidi", likaja tangazo la dawa ya kupunguza tumbo. Nikabonyeza tena. Kila nikisoma zaidi, nasoma kidogo.

Lakini jina ni lake. Hakuna mwingine mwenye majina hayo matatu kwa mpangilio ule. Mtu amekaa chini akamwandika mwanangu. Wewe ndiye msomi wetu wa mambo ya mtandao, kazi yako ni kuwajua wanaoandika huko. Nitafutie huyo mtu. Sitaki kumgombeza. Nataka kumuuliza alimwona wapi.

Dadako


26 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Barua yako ilifika ikiwa na alama ya kikombe juu ya bahasha, nikajua kweli imetoka dukani kwako. Sisi hatujambo. Mtoto ameota meno mawili ya juu na anayajaribu kwenye bega langu. Wifi yako anakusalimu, anasema goti ulipake mafuta ya moto na uache ubishi. Ofisini wametuhamishia ghorofa ya juu kabisa. Feni moja, watu sita, na kila mtu anaamini feni ni yake.

Nimesoma habari ya ukurasa ule mara kadhaa. Nimeupata na kuutazama. Kabla sijasema lolote, naomba unijibu mambo machache. Unapomtafuta, unaandika maneno gani hasa? Unaandika jina tu, au unaongeza kitu? Je, ukishafika kwenye kurasa hizo, unaandika tena ndani yake, kwenye kile kisanduku cha kutafutia? Kuna mwingine katika ukoo anayemtafuta kwa njia hiyo?

Tafadhali usibonyeze chochote kwa sasa. Wakikuomba ruhusa ya kukutumia taarifa, kataa. Na ule ushauri wangu wa zamani usiusahau: ukiona ukurasa mwekundu wenye onyo, rudi nyuma, usibishane nao.

Msalimie shemeji. Mwambie mageti yake tunayasifia mpaka huku.

Mdogo wako


15 Machi

Kitindamimba,

Hujambo, na wa kwako wote? Kwetu mvua imeanza, bati la jirani linapiga ngoma usiku kucha. Mama mwenye genge la mboga aliyekuwa akikubeba mgongoni amelazwa, ila anaendelea vizuri, anawatukana wauguzi.

Umenihoji kama daktari anayeujua ugonjwa na hataki kuutaja. Mimi ndiye niliyekufunga kamba za viatu mpaka ukafika darasa la tatu. Ukificha kitu nakiona hata kwenye mwandiko. Hata hivyo nitakujibu.

Naandika majina yake matatu. Naongeza Chiriku, kwa kuwa ndilo jina alilolipenda. Tulimwita kwa jina la yule ndege mdogo wa kelele kwa sababu tangu alipojua kusema mdomo wake haukupumzika, na hata ukubwani wenzake walimjua kwa hilo tu. Naongeza "yuko wapi". Siku nyingine "yuko hai". Ndiyo, na kwenye visanduku vyao naandika pia, hata namba yangu ya simu niliiacha kwenye kimoja. Vimewekwa vya nini kama si kuandikiwa? Mwanzoni shangazi zake nao walimtafuta, kisha wakachoka. Siwalaumu, uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Na kurasa sasa ni nyingi! Moja inasema ameonekana bandarini. Nyingine inasema ameoa. Nyingine, Mungu apishe mbali, sikuimaliza.

Ushauri wako naufuata, usidhani nimekuwa kichwa maji. Juzi tu nilibonyeza kiungo chenye jina la hospitali fulani ya mji wa mbali, ukaja ukurasa mwekundu mzima kama damu: tovuti hii inaweza kukudhuru. Nikarudi nyuma palepale. Ungeniona ungenipa maksi.

Na simu zimeanza. Mwanamume mmoja alipiga akilia, akasema, "Mama, ni mimi, wamenishika, nitumie nauli." Nikamuuliza, "Mimi nakuitaje?" Akasema, "Mwanangu." Nikakata. Nilikaa kwenye ndoo ya karatasi mpaka mteja akaniuliza kama nauza au nimelala.

Shemeji yako haulizi. Kitanda cha Chiriku natandika mwenyewe kila Jumamosi, yeye hupita mlangoni akitazama upande mwingine.

Sasa niambie.

Dadako


4 Aprili

Dada,

Shikamoo, dada yangu. Wote tu wazima. Nimeianza barua hii mara nyingi, na kila mara nimeandika habari za mtoto mpaka nikajaza ukurasa. Leo sitaandika habari za mtoto.

Hakuna mtu aliyemwandika Chiriku.

Kurasa zile hazina mwandishi. Kuna programu zinazokusanya maneno ambayo watu huyaandika wakitafuta kitu, kisha zinayapachika kwenye sentensi zilizotengenezwa tayari, kama wewe unavyojaza jina kwenye cheti kilichokwishachapwa. Anayetafuta kazi ataundiwa ukurasa wa kazi. Anayetafuta dawa ataundiwa ukurasa wa dawa. Wewe ulitafuta mwana. Uliandika "yuko hai" kwenye kisanduku chao, wakakugeuzia: "yuko hai". Uliandika "yuko wapi", wakakutajia bandari. Wenye programu hizo hawakujui, na wala hawana nia ya kukuumiza. Wanataka ubonyeze tu, maana ukibonyeza wanalipwa na wenye matangazo. Na namba yako uliyoiacha kwenye moja ya kurasa hizo wakaiuza kwa wale wanaolia kwenye simu.

Hii ndiyo kazi yangu, dada. Kila siku nafagia taka za namna hii, na zikirudi nafagia tena. Sikuwahi kufikiri nitalikuta humo jina la mpwa wangu.

Nilipekua kurasa zote ulizonitajia. Hakuna hata neno moja ambalo hukulitia wewe. Anayemtafuta Chiriku huko amebaki mmoja, ni wewe, na kinachokujibu ni sauti yako mwenyewe inayogonga ukuta na kurudi.

Nakuomba uache kuandika jina lake. Kwa njia nyingine tutamtafuta, mimi na wewe na polisi na miguu yetu. Lakini hiyo njia imekwisha.

Nisamehe kwa kukuambia. Ningejisamehe vipi nisingekuambia?

Mdogo wako


20 Juni

Mdogo wangu,

Hatujambo. Mama wa genge alifariki, tulimzika mwezi uliopita.

Nilikaa kimya kwa sababu nilikuchukia. Ilikuwa barua ya kweli, na mtu anayezama humpi ukweli, unampa mkono. Nikaichana. Kisha nikaiunganisha kwa gundi ya dukani, nikaiweka. Nikaacha kumtafuta kama ulivyotaka. Asubuhi nilikuwa nafika dukani nakunja mikono mbele ya kompyuta kama mtu aliyealikwa akafika siku siyo.

Juzi nilishindwa. Niliandika neno moja tu, Chiriku, basi. Ukatokea ukurasa wa takataka kama zile nyingine, kichwa chake "familia yatokwa na machozi", matangazo ya kamari pembeni. Lakini katikati kulikuwa na mstari uliokatika: "kijana, hajulikani, anajiita Chiriku, kovu la moto mkono wa kushoto chini ya kiwiko, umbo la jani."

Mdogo wangu, umesema hawajui ila nilichowaandikia. Mimi sikuwahi kuandika habari ya kovu. Sikuwahi hata kuitamka, wewe mwenyewe huijui. Alipokuwa na miaka sita baba yake alimbebesha kipande cha nondo juu ya mikono pale karakana, akidhani imeshapoa. Ngozi ilitoka na chuma. Shemeji yako aliniomba nisimwambie mtu yeyote, na tangu siku ile tulimvalisha mtoto mikono mirefu. Tunaolijua jani lile ni watatu.

Sasa nijibu, wewe mwenye elimu ya taka. Kovu wamelitoa wapi?

Dadako


11 Julai

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Barua hii nimeituma kwa basi kwa wifi yako, naye anakuletea kwa mkono. Nimemwomba asikupe mpaka shemeji atakapokuwa amerudi kutoka karakana. Kama hayupo, irudishe ndani ya bahasha kwanza.

Ulikuwa sahihi. Programu zile haziwezi kubuni kovu. Zinaiba tu. Niliufuata mstari ule kinyumenyume, kutoka ukurasa ulioiba kwenda ulioibiwa, mpaka nikafika kwenye tovuti ya hospitali moja ya serikali, katika mji ambao ni safari ya siku nzima kwa basi kutoka nyumbani kwangu. Tovuti yenyewe ilikuwa imedukuliwa. Wezi walikuwa wamejaza kurasa zao za kamari ndani yake mpaka za hospitali zikafunikwa. Niliandika barua pepe, haikujibiwa. Nilipiga simu, haikupokelewa. Nikapanda basi.

Mapokezi nilisema nimekuja kwa sababu ya tovuti yao, karani akanielekeza kwa fundi wa mabomba. Fundi wa mabomba ndiye aliyenipeleka kwa muuguzi mkuu wa wodi ya wanaume, mama mfupi mwenye miwani iliyofungwa plasta.

"Ile tovuti tuliitegemea kwa wagonjwa wasio na ndugu," akaniambia. "Tunawapiga picha, tunaandika alama zao. Zamani ndugu walikuwa wanapiga simu. Mwaka huu kimya kabisa. Tukadhani watu hawapendani tena."

Nikamwambia, "Kuna kijana mliyemwandika ana kovu lenye umbo la jani."

Akavua miwani. "Chiriku. Wewe ni nani wake?"

"Mjomba wake."

"Mjomba," akasema, "mbona mmechelewa?"

Dada, Chiriku amefariki.

Nakuandikia yote aliyoniambia ili usibaki ukikisia. Alianguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi, mwishoni mwa mwaka jana. Waliomleta walimwacha mlangoni wakaondoka. Kichwa kilikuwa kimeumia. Alipozinduka alikuwa amepoteza maneno yote isipokuwa moja. Ukimpa uji, anasema Chiriku. Ukimuuliza wapi panauma, Chiriku. Wauguzi walidhani anataka ndege. Mfagiaji wa wodi alikata picha ya ndege kwenye kalenda akaibandika juu ya kitanda chake, naye akacheka, akajigonga kifua: Chiriku, Chiriku. Ndipo wakajua ni jina.

Alipendwa pale. Muuguzi anasema alikuwa akiwazungumzisha wagonjwa wenzake kutwa kwa neno hilo hilo moja, akilipandisha na kulishusha, mpaka wakaanza kumjibu. Kisha kifua kikajaa. Dawa haikusaidia. Aliondoka asubuhi, muuguzi huyo akimuosha uso. Hakuwa peke yake. Hilo nilimuuliza mara mbili.

Wamemzika kwenye makaburi ya manispaa. Nimebaki huku kuweka saini, kaburi lisije likapotea alama. Njooni nyie wawili. Nitawapokea stendi.

Sina neno la kukufariji, dada. Ninalo la kukuambia tu kwamba hukuwa unaita ukutani. Kweli alikuwapo.

Mdogo wako


1 Agosti

Kitindamimba,

Wifi yangu amenifaa kuliko dada wa kuzaliwa. Amepika, amefua, ameongea na watu mlangoni. Mrudishie fadhila.

Tunakuja wiki ya pili ya mwezi huu. Shemeji yako hajalala nyumbani tangu barua ifike. Yuko karakana, anatengeneza alama ya kaburi kwa chuma. Nilimpelekea chakula nikamkuta ameandika jina kwa moto, herufi moja imepinda, anailaani. Ndipo akanieleza kilichotokea siku mtoto alipoondoka, mambo niliyokuwa nimeyasikia nusu kupitia ukuta. Chiriku alimwomba amfundishe uchomeleaji. Baba akakataa. Akamwambia, "Sitaki kukuona karibu na moto, kama unataka kazi ya chuma katafute kwingine." Kwingine akakutafuta. Mdogo wangu, alikuwa anamlinda. Alimlinda hadi akamfukuza.

Jambo moja. Barua yako ni ndefu na umeeleza mpaka habari za kalenda, lakini hukuandika alifariki lini. Najua husahau tarehe. Nitaisoma mwenyewe hukohuko.

Dadako


6 Septemba

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini mlifika salama na goti halikukutesa kwenye basi. Sisi wazima. Mtoto ametembea hatua zake za kwanza kuelekea kwenye jaa la taka, wifi yako anasema amerithi kazi yangu.

Pale makaburini, shemeji alipokuwa akisimika chuma chake, wewe ulisoma kile kibao cha manispaa chenye tarehe. Mwezi wa tano. Ukanigeukia ukanitazama, kisha ukainama kung'oa magugu. Hukuuliza. Nami sikusema. Njia nzima mpaka stendi tuliongea habari za nauli na soda. Ninachokiandika sasa nilipaswa kukisema pale.

Hospitali iliweka picha yake mwezi wa kwanza. Wezi walikuwa wameshaingia kwenye tovuti ile. Ofisi yetu huwinda tovuti zilizodukuliwa, na tukizipata tunazitia kwenye orodha, ili simu na kompyuta za watu ziwaonye wasiingie. Hospitali ile tuliitia sisi. Tulikuwa sahihi, ilikuwa na mitego kweli, ingeweza kuwaibia watu. Tuliwaandikia kwenye anwani waliyoiweka wenyewe, na anwani ile haisomwi na mtu. Kila hatua ilifuatwa. Hilo ndilo linaloninyima usingizi: natafuta kosa nilitubie, silipati.

Ule ukurasa mwekundu ulioniandikia habari zake mwezi wa tatu ulikuwa wetu, dada. Nyuma yake kulikuwa na picha ya Chiriku. Alikuwa hai, amelala chini ya ndege wa kalenda. Na barua yangu ya Aprili, ile ya kukuambia uache kumtafuta, niliiandika akiwa bado anakunywa uji.

Sikuombi unisamehe. Nilitaka ulisikie kutoka kwangu, lisije likakujia peke yako ukiwa dukani. Ingawa nadhani lilishakujia, palepale, ulipokuwa unang'oa magugu.

Tovuti ya hospitali sasa imesafishwa. Nilikwenda mwenyewe na mwenzangu mmoja tukatoa uchafu wote, tukaiondoa kwenye orodha. Muuguzi mkuu amepewa funguo za tovuti na anazilinda kama za kabati la dawa.

Mdogo wako


30 Oktoba

Mdogo wangu,

Salamu kwako na kwa mama mtoto, na kwa huyo mkaguzi wa majaa. Huku jua limewaka mpaka lami imelainika. Nimenunua mashine nyingine ya fotokopi, kuukuu lakini yenye adabu.

Ndiyo, nililijua palepale. Mwezi wa tano nikauweka juu ya mwezi wa tatu, hesabu ya mtoto wa chekechea. Sitakudanganya kwamba sikukulaumu. Nilikulaumu nikiosha vyombo, nilikulaumu nikipiga pasi, nikavunja na sahani yangu nzuri. Kisha nikaona kidole kilichorudi nyuma siku ile kilikuwa changu, na aliyemwambia atafute kwingine alikuwa shemeji yako, na aliyepanda jukwaa bovu alikuwa Chiriku mwenyewe. Nikitaka kumpiga mtu itabidi niwapange foleni, nami niwemo. Acha kutafuta kosa. Likiwapo au lisiwepo, wewe ni mdogo wangu na sina mwingine.

Nikueleze la huku. Yule muuguzi mkuu aliniandikia baada ya safari yetu. Anasema yeye si mwandishi, maelezo yake ya wagonjwa ni mafupi kama ya mizigo. Basi ananitumia picha na alama zao, mimi nayaandika dukani vizuri, na yeye anayaweka. Naandika kila kitu: mtu anavyoshika kikombe, anachokataa kula, upande anaolalia. Mama hujua mwanawe kwa mambo kama hayo.

Mwezi huu tulimwandika bibi mmoja aliyeokotwa barabarani, hajui jina lake, anasuka hewa kutwa kwa vidole, msuko wa mistari mitatu. Nikaandika hivyo hivyo. Jana muuguzi amepiga. Binti yake aliyasoma maelezo yale, akasema huyo ni mama, alikuwa msusi, ndivyo alivyokuwa akinisuka. Walifika watoto wote wanne. Bibi hakuwatambua, lakini alimshika binti kichwa akaanza kusuka.

Nilimwambia muuguzi, Mungu ni mwema. Nikakata simu, nikafunga duka mchana kweupe, nikaenda nyumbani kulia. Na si kwa furaha, Kitindamimba, wewe nitakuambia. Nililia kwa wivu. Niliwaonea wivu wale watoto wanne mpaka nikauma khanga.

Shemeji yako alikuja mapema kuchukua koleo alilosahau, akanikuta chini sakafuni. Akauliza, "Kuna nini tena?" Nikamwambia, "Kuna mtu amepatikana." Akaelewa. Hajawahi kulia mbele yangu, hata siku ile kaburini alilia akiwa amenipa mgongo. Jana alikaa sakafuni karibu yangu, na nguo zake za kazi, akaniwekea kichwa begani.

Tulikaa hivyo mpaka jirani akaja kuomba chumvi.

Dadako